Mwenzako Akikwama Kwenye Fumbo, Umpe Jibu?

Tuseme ni Jumapili jioni. Baba Kevin ameketi na gazeti tangu chai ya saa kumi, anajaza fumbo la maneno, lile la vyumba vyeupe na vyeusi ambalo wengi wetu huliita chemshabongo. Limebaki neno moja tu la herufi tatu: "Mnyama juu ya nyumba." Amefikiria paka, lakini paka ana herufi nne. Mama Kevin anapita na sahani za chakula, anachungulia begani mwake na kusema, "Si ni paa?" Naam, ni paa: yule mnyama wa porini, na paa la nyumba. Baba Kevin anakunja gazeti, anakula kimya.

Je, mama huyu amekosa? Wapo watakaosema hilo ni jambo dogo mno kwa ukurasa huu. Mimi siamini. Nyumba nyingi hazigombani juu ya mambo makubwa.

Yaweza kudaiwa kwamba hana kosa lolote. Tumefundishwa kuwa mume na mke ni mwili mmoja; basi alijualo mke, si mali ya mume pia? Angenyamaza, angeitwa mchoyo. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inasahau kuuliza Baba Kevin alikuwa akitafuta nini hasa.

Fumbo la kwanza la aina hii lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza, likachapishwa katika kurasa za burudani za gazeti la New York World, Marekani, tarehe 21 Desemba 1913. Tangu siku hiyo hakuna msomaji aliyekuwa na haja ya maneno yenyewe. Majibu huchapishwa na gazeti lenyewe. Kungoja tu kunatosha. Baba Kevin hakuhitaji neno "paa", kwa maana amelijua tangu utotoni. Alihitaji kulifikia mwenyewe. Kumpa jibu ni sawa na kumtafunia chakula mtu mwenye meno yake yote.

Mwaka 1942, wakati wa vita, gazeti la Daily Telegraph la London liliwaalika watu wajaribu kumaliza fumbo kwa dakika 12. Baadaye baadhi yao waliitwa kufanya kazi ya siri ya serikali. Lau jirani angewanong'oneza majibu, wangepelekwa mahali ambapo akili ya kuazima haifai kitu.

Lakini tusikimbilie kusema basi kila mtu anyamaze. Kuna mafumbo ya nyumbani ambayo jibu ndilo linalohitajika. Mume akikuna kichwa juu ya karo ya muhula, na mke ana akiba kwenye chama, kunyamaza kwake "ili afikirie mwenyewe" ni ukatili. Kadhalika yule anayejua neno, akaketi akitabasamu huku mwenzake anahangaika, hakumheshimu hata kidogo. Anaburudika kwa kushindwa kwake. Kimya chaweza kuwa na kiburi kuliko maneno.

Kwa hiyo nadhani Mama Kevin hakutenda dhambi, ila alitoa kabla ya kuombwa, akachukua kile alichodhani anakitoa. Na Baba Kevin naye, kununa kwa ajili ya herufi tatu! Angeweza kucheka.

Fumbo lenyewe lina njia ya katikati. Maneno yake hukatana: neno la kushuka likijazwa, lile la kwenda kulia hupata herufi moja, na mara nyingi hiyo moja yatosha. Mke angeweza kuuliza, "Nikusaidie, au nikuache?" Akiambiwa amsaidie, atafute neno linalopita juu ya lile gumu, amwachie mwenzake lililo lake. Akiambiwa amwache, amwache kweli, wala asisimame pale akikohoa kwa maana.

Na yule anayeitikia "haya, nimekuacha", kisha anangoja mwenzake alale ndipo ajaze vyumba vilivyobaki kwa wino? Huyo simhukumu. Lakini asubuhi, mwenzake akilifunua gazeti, asijifanye kwamba anatafuta viatu chini ya kitanda.