Dominika Kanisani, Jumatatu Mizanini



Kila msimu wa mavuno magari ya wachuuzi huingia vijijini kununua mahindi, viazi na vitunguu, na pamoja nayo huingia desturi iitwayo lumbesa. Gunia hujazwa hata mdomoni, kisha juu yake hushonewa kipande cha gunia jingine, nacho hujazwa vilevile. Mnunuzi hulipa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo ya Tanzania yakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100. Lakini mkulima mwenye shida ya fedha hana nguvu ya kuitaja sheria mbele ya mwenye gari.

Natufanye hesabu. Gunia la lumbesa likiwa na kilo 130, mkulima ametoa kilo 30 bure. Auzapo magunia kumi, ametoa kilo 300, yaani magunia matatu kamili. Hayo ndiyo sare ya mtoto wa shule, ndiyo dawa ya mgonjwa, ndiyo chakula cha miezi ya njaa.

Huenda mtu akauliza: gazeti la Kanisa lina shauri gani na magunia? Twajibu kwamba wengi wanaoyanunua, wanaoyashona na wanaoyapakia ni Wakristo wenzetu. Twawaona Dominika wakipokea Komunyo Takatifu. Wengine ni waimbaji wa kwaya na viongozi wa jumuiya. Hatusemi kwamba sala zao ni za uongo. Twasema tu kwamba sala hizo hazifiki mizanini.

Nabii Amosi, mchungaji wa Tekoa, aliwajua watu wa namna hiyo zaidi ya miaka mia saba kabla ya kuzaliwa Bwana wetu. Wafanyabiashara wa Israeli waliishika Sabato, wala hawakuuza kitu siku hiyo; lakini mioyoni mwao walihesabu saa, wakingoja siku takatifu iishe wapate kuuza nafaka, kupunguza kipimo na kuipotosha mizani. Siku moja walimpa Mungu, na siku sita walijipa wenyewe. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu iliyotolewa mwaka 1965, ulifundisha kwamba kuitenga imani na maisha ya kila siku ni mojawapo ya makosa makubwa ya zama zetu.

Mchuuzi atatuambia: “Padre, wote wanafanya hivyo. Nikikataa lumbesa, mwenzangu atauchukua mzigo, na watoto wangu watalala njaa.” Neno hilo si la kuchekwa. Ni kweli kwamba mtu wa haki mara nyingi hupata faida ndogo, wala hatumwahidi utajiri. Lakini Amri ya Saba haikuwekewa sharti la kuwangoja jirani waishike kwanza. Katekisimu ya Kanisa yahesabu kuwa kinyume cha amri hiyo udanganyifu katika biashara, na pia kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwenzetu. Basi anayeutumia ujinga huo au shida hiyo ili apunjie, ajipatie kilo asizozilipia, atajitetea kwa neno gani?

Tena haitoshi kusikitika. Zakayo, alipompokea Bwana nyumbani mwake, hakuishia katika karamu. Alitoa nusu ya mali yake kwa maskini, akaahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Kanisa lafundisha hivyo hata leo: aliyechukua cha mtu kwa udhalimu apaswa kukirudisha. Anayeungama kwamba alikosa Misa, wala hasemi neno juu ya kilo 300 za mjane, ameuficha ugonjwa mbele ya mganga.

Wakulima nao wasijihesabu watakatifu. Wako wanaochanganya mchanga katika maharage, na wanaouza mahindi mabichi ili maji yaongeze uzito. Huko mjini nako muuza duka huyapima mahindi yale yale kwa kopo lililobonyezwa. Hivyo maskini wa shamba apunjwa, na maskini wa mji apunjwa pia.

Nasi mapadre tuna mizani yetu. Sadaka ya mavuno ikiletwa altareni na mtu ajulikanaye kijiji kizima kwa lumbesa, tukamsifu mbele ya watu kwa ukarimu wake, watoto watajifunza nini?

Basi yatupasa kuanza na lililo karibu. Jumuiya ndogo ndogo zikutane kabla ya magari kufika, zipatane kwamba gunia halitashonewa kilemba, na kwamba kila mzigo utapimwa kwa kilo mbele ya macho ya wote. Mtu mmoja akikataa peke yake, gari humpita. Kijiji kizima kikikataa, mnunuzi atalazimika kufikiri. Na Mkristo mchuuzi awe wa kwanza kushusha mizani garini mwake bila kuombwa.

Dominika ijayo, tukipiga magoti, tuyakumbuke magunia tuliyoyashona wiki hii. Mungu tunayemwabudu pale ndiye atakayetupima sisi, na mizani yake haina kilemba.