Muuzaji Anayeijua Kesho

Mwandishi wa programu za kompyuta aliyeko Kolwezi, nchini Kongo, akitaka leseni ya zana za kazi yake, huamua mambo mawili: anunue zana ipi, na anunue lini. La kwanza ni la ufundi na mfuko. Atauliza wenzake, atajaribu toleo la bure, atachagua. La pili linagusa haki, kwa sababu jibu lake analo mtu mwingine. Mtengenezaji anajua kwamba toleo jipya linatoka mwezi ujao, au kwamba leseni ya kudumu inafutwa na mahali pake yanakuja malipo ya kila mwaka. Mnunuzi hajui. Anayejua akinyamaza na kupokea dola za asiyejua, je, amemdhulumu? Naona kwamba anaweza kunyamaza bila kosa, ila hana haki ya kumtwika mnunuzi gharama ya ukimya huo.

Swali ni kongwe. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mroma Cicero aliandika juu ya mfanyabiashara anayefikisha nafaka Rhodes wakati wa njaa, naye peke yake anajua kwamba meli nyingine zimo njiani kutoka Alexandria. Auze kwa bei ya njaa? Mwanafalsafa Diogenes wa Babylon alijibu kwamba kutosema si kuficha. Mwanafunzi wake Antipater alimpinga, na Cicero akawa upande wa Antipater. Katika karne ya 13 Thomas wa Aquino alilegeza: haki haimlazimishi muuzaji kusema, ingawa akisema atakuwa ametenda wema mkubwa zaidi. Wauzaji wa leo wangempenda Thomas. Lakini hoja yake imesimama juu ya jambo moja, kwamba ya kesho hayana hakika. Meli huweza kuzama au kuchelewa. Toleo jipya la programu halisubiri upepo: tarehe yake imepangwa na muuzaji yuleyule anayenyamaza, na ni yeye anayeshusha thamani ya alichouza jana. Ruhusa aliyopewa mtu asiyeijua kesho haiwezi kumtetea mtu anayeitengeneza.

Pingamizi la kibiashara ni zito zaidi. Mwaka 1983 kampuni ya Marekani, Osborne Computer, ilizungumzia mapema kompyuta zake zijazo. Wenye maduka wakasita kuagiza zilizokuwapo, na Septemba mwaka huohuo ikafilisika. Wanahistoria bado wanabishana kama maneno hayo peke yake ndiyo yaliyoiua, lakini hofu yenyewe ina msingi. Sawa, siri na itunzwe. Inatosha kwamba aliyenunua muda mfupi kabla ya mabadiliko apewe toleo jipya bila kulipa tena, au arudishiwe fedha zake. Hilo linawezekana bila kampuni kufa. Kampuni ya zana za waandishi wa programu, JetBrains, ilipotangaza Septemba 2015 kwamba inahamia kwenye malipo ya vipindi, wateja walipiga kelele, na kabla mpango haujaanza ikakubali kwamba aliyelipia miezi 12 mfululizo atabaki na haki ya kudumu ya kutumia toleo fulani, hata akiacha kulipa. Wapo walioiita huruma. Mimi naiita deni.

Wengine husema mnunuzi ni mtu mzima, aulize. Mkoa wa Lualaba, ilipo Kolwezi, unaijua hoja hiyo vizuri. Katika depo za kununulia madini za Musompo mchimbaji hufika na magunia yake, na mwenye kushika kifaa cha Metorex cha kupima kiwango cha madini ni mnunuzi. Malalamiko kwamba kipimo husoma chini ni ya miaka mingi. Kumwambia mchimbaji aulize ni kumtuma kwa yuleyule anayefaidika na kutojua kwake. Sheria ya Kiislamu ililiona jambo hili mapema: Mtume alikataza kuupokea msafara njiani kabla haujafika sokoni, na mwenye bidhaa aliyeuza hivyo akapewa hiari ya kuvunja mauzo akishafika na kuijua bei. Tazama alichopewa. Hakupewa mawaidha juu ya uaminifu. Alipewa njia ya kurudi nyuma.

Liko pingamizi lisilopitika haraka, nalo linatoka kwenye machimbo ya Mashamba, hukohuko Kolwezi. Mashamba Mashariki inachimbwa na kampuni ya KCC. Mashamba Magharibi ilitolewa mikononi mwake mwaka 2008 kwa ajili ya kampuni nyingine, Sicomines. Wote wanachimba kwa leseni ya Serikali, na Serikali nayo hubadilisha masharti. Sheria ya Madini ya 2002 iliahidi miaka 10 ya utulivu. Ile ya Machi 2018 ikaifuta ahadi hiyo, ikapandisha mrabaha wa shaba kutoka asilimia 2 hadi 3.5, na wa kobalti, ilipotangazwa madini ya kimkakati, hadi 10. Je, kila anayebadilisha akibeba gharama, nchi itawezaje kudai sehemu yake? Tofauti ipo: madini yakishatoka hayarudi ardhini, na Serikali inaamua juu ya mali ya wananchi, si yake. Tena mjadala wa kuibadilisha sheria ile ulikuwa wazi kwa miaka. Hata hivyo kigezo changu kinanibana: aliyewekeza kwa kutegemea ahadi iliyoandikwa ana dai, hata akiwa tajiri nisiyempenda.

Kobalti ya 2025 ni kesi nyingine, kwa sababu hapo palikuwa na ukimya. Usafirishaji wa kobalti nje ya nchi ulisimamishwa tarehe 22 Februari, bila tangazo la mapema, kwa miezi minne. Muda huo ukaongezwa, kisha Oktoba mgawo wa kiasi cha kusafirisha ukaanza. Siri ilikuwa na sababu: ingetangazwa mapema, malori yangefurika mpakani Kasumbalesa na bei iliyokusudiwa kuinuliwa ingezidi kuporomoka. Naikubali sababu hiyo. Lakini mfanyabiashara mdogo aliyenunua mzigo wiki ile alilipia ukimya usio wake, ilhali kampuni kubwa ina maghala na benki za kusubiria. Kumfidia kungeigharimu Hazina fedha, na kungehitaji kwanza kujua nani alikuwa na nini, katika biashara ambayo mengi hayaandikwi. Mtengenezaji wa programu hana udhuru huo. Orodha ya walionunua mwezi uliopita anayo tayari, pamoja na tarehe na kiasi.