Tambi za Barazani

Marafiki wa pwani wakikaa barazani, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye vyakula vya nyumbani. Mmoja atasifu tambi za mama yake, zilizokaangwa zikabadilika rangi, zikatiwa tui la nazi, sukari na iliki, zikaliwa futari. Mwenzake mwenye kisukari atauliza: na mimi nile nini, jamani? Swali hilo ni la haki. Tusimnyamazishe kwa kumwambia aonje kidogo tu.

Jibu moja twaweza kuliazima Bari, kusini mwa Italia. Huko kina mama hufinyanga kwa mkono tambi fupi zenye umbo la sikio, ziitwazo orecchiette. Unga wa ngano ngumu na maji, basi, bila yai. Huliwa na mboga ya majani yenye uchungu kidogo, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, na mboga ndiyo nusu ya mlo. Sisi tuna mchicha, matembele na kunde sokoni kila siku, lakini tambi zetu tunazipikia sukari!

Tambi za ngano isiyokobolewa zina nyuzinyuzi zaidi. Hata za kawaida, ukiziepua kabla hazijalegea, humeng'enywa polepole zaidi. Nazi sioni sababu ya kuifukuza jikoni, tui jepesi latosha.

Leo ukipita dukani, geuza pakiti ya tambi usome kiungo cha kwanza, uone kama ni ngano isiyokobolewa. Kisha mkaribishe yule rafiki yako, umpikie tambi za kunde na mchicha.