Je, Asiyeulizwa Ana Deni la Kusema?



Liko swali moja ambalo tulilipita darasani kwa miaka mingi bila kuligusa. Tulikuwa tukiwaambia watoto: usiseme uongo. Nao waliitikia kwa sauti moja, nasi tukafuta ubao tukaendelea na somo lingine. Lakini hatukuwaambia lolote juu ya mtu ambaye hakusema uongo hata neno moja, ila alinyamaza. Je, huyo ana kosa? Asiyeulizwa ana deni la kusema? Jibu hatukulipata chuo cha ualimu. Tulilipata uani kwetu, katika mashua.

Tulipostaafu tuliona siku ni ndefu. Kwa kuwa tumezaliwa karibu na mto Pangani, hapa Korogwe, na tangu utoto tunapenda kuvua, tuliazimu kutengeneza mashua kwa mikono yetu. Wavuvi wengi wa mtoni hutumia mitumbwi ya kuchonga, lakini mti mnene wa kuchonga mtumbwi haupatikani kwa urahisi. Ndipo mpwa wetu alipotuletea mchoro wa mashua ya mbao wanayotumia wavuvi wa mto McKenzie, katika jimbo la Oregon huko Marekani. Kule wako watu wanaojitengenezea mashua hizo nyumbani kwao. Chini ni bapa, haina mkuku. Omo na tezi zimeinuka, ili ipite penye maji haba na igeuke upesi kati ya mawe. Na mvuta makasia hukaa akitazama kule maji yanakokwenda, kisha huvuta kurudi nyuma, ili chombo kiende polepole kuliko mto. Jambo hili lilitupendeza sana. Mvuta makasia wa kawaida huipa hatari kisogo. Huyu huitazama usoni.

Basi tukanunua mbao za msaji, ambao wengine huuita mtiki, ule unaopandwa katika msitu wa Longuza wilayani Muheza. Tulifanya kazi miezi minne chini ya mwembe: kupima, kupiga randa, kulainisha mbao kwa maji ya moto ili zipindike, kufunga mataruma, kukaza skrubu, kutia kalafati. Ubao wa mwisho wa chini ulikuwa na kifundo, na katika kifundo hicho ulianza ufa mwembamba, urefu wake kama shibiri moja. Tuliuona baada ya kuukata ubao kwa kipimo chake, na fedha ya kununua mwingine hatukuwa nayo. Kijana aliyekuwa akitusaidia akasema, "Mwalimu, hiyo haitaonekana." Tukachanganya vumbi la msumeno na gundi, tukajaza ufa, tukapiga msasa, tukapaka rangi ya kijani mara mbili. Kweli, haukuonekana. Hata sisi wenyewe tulilazimika kupapasa kwa kidole ili tujue ulipo.

Wakati huo dhamiri ilikaa kimya, maana tulikuwa na sababu ya kuituliza: chombo ni chetu, tutakipanda sisi, hatari ni yetu. Tulikitumia msimu mmoja tukapata perege na kambale wa kitoweo. Maji yaliyoingia hayakuzidi kikombe kwa asubuhi nzima.

Kisha mama watoto akaugua, fedha ikahitajika. Alikuja kununua mtu mmoja ambaye tulimfundisha tangu darasa la tatu. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Tukamwambia aigeuze mashua aitazame. Akacheka. "Mwalimu, kazi yako niikague mimi? Si wewe uliyenifundisha kupima kwa rula?" Tukacheka wote wawili. Akahesabu shilingi 700,000, akaita wenzake wakaibeba mpaka mtoni. Hakuuliza, nasi hatukusema.

Siku ya kumi na moja, baada ya ibada, tulikuwa tumesimama nje kanisani tukiamkiana na watu. Mama mmoja akasema kwa furaha kwamba yule kijana sasa amepata raha: kila jioni huvuka na watoto wake wawili kwenda shamba lililo ng'ambo, hana haja tena ya kuzunguka mpaka darajani. Masika yalikuwa yamebaki wiki chache. Usiku ule hatukulala.

Moyo wa mtu ni wakili hodari unapojitetea wenyewe. Ulituletea hoja tatu. Kwanza, hakuuliza, angeuliza tungemwambia. Pili, tulimkaribisha akague, akakataa mwenyewe. Tatu, hakuna chombo kisicho na kasoro, na kama maskini wangengoja mpaka wapate kilicho kamili, wangekula nini?

Swali hili si geni duniani. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma, aliandika kitabu juu ya wajibu, akimwelekea mwanawe aliyekuwa masomoni Athens. Humo anatoa mfano wa mfanyabiashara mwema aliyepeleka nafaka kutoka Alexandria mpaka kisiwa cha Rhodes, wakati watu wa huko wana njaa. Mtu huyu anajua kwamba nyuma yake ziko merikebu nyingine zinazokuja na nafaka. Je, awaambie wenyeji, bei ishuke? Au anyamaze, auze kwa bei kubwa? Cicero anawaleta wanafalsafa wawili wabishane, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Diogenes anasema muuzaji atangaze zile kasoro ambazo sheria inamlazimisha kuzitangaza, na zaidi ya hapo auze bila hila. Kutosema si sawa na kuficha. Antipater anasema la, watu wote ni jamaa moja, na mnunuzi astahili kujua kila anachokijua muuzaji juu ya kitu kile. Cicero mwenyewe anaona kwamba mfanyabiashara yule angepaswa kusema. Lakini hasemi kwamba kila kunyamaza ni kuficha. Kuficha, kwake, ni pale unapotaka kwa faida yako kwamba wenzako wasijue jambo unalolijua, nalo lina maana kwao.

Basi tukazichukua hoja zetu tatu tukazipima kwa kipimo hicho.

Ile ya kwanza ilianguka upesi. Kwa nini kijana yule hakuuliza? Hakuwa mvivu wala mjinga. Hakuuliza kwa sababu ya jina letu. Mtu mgeni angemwuzia mashua ileile, angeigonga kila ubao. Kumbe "hakuuliza" si utetezi wetu, bali ndiyo mashtaka yenyewe: imani yake kwetu ndiyo iliyomfumba macho, nasi tukaitumia.

Ile ya pili ilikuwa na aibu zaidi. Tulimkaribisha akague, ndiyo. Lakini akague nini? Ufa ulikuwa umejazwa, umesuguliwa na kupakwa rangi mara mbili. Kumkaribisha mtu atazame kitu ulichokwisha kukifunika ni mzaha. Hapo tulitambua kwamba hatukunyamaza tu. Mikono yetu ilikuwa imekwisha kusema, nayo ilisema uongo.

Ile ya tatu ni ngumu, wala hatupendi kuipita mbio, maana wengi wetu tu watu wa kipato kidogo. Ni kweli, mtoni imo mitumbwi mingi inayovuja, na wenyewe wanaishi kwa hiyo. Lakini tazameni jinsi wanavyoitumia. Mwenye mtumbwi unaovuja huchukua upo wa kutolea maji. Huvulia karibu na ukingo. Mto ukijaa, haendi. Hapakii mtoto. Ufa anaoujua una dawa zake, hata kama hana fedha ya kuuziba. Na sisi je? Ule msimu mmoja tulioitumia mashua, hatukuwahi hata mara moja kwenda katikati ya mto. Wakati ule tulidhani ni kwa sababu ya uzee. Usiku ule tuliona kwamba ni kwa sababu tulijua. Tulimwuzia kijana mashua, lakini ujuzi wa kuitumia kwa usalama tulibaki nao nyumbani.

Kwa hiyo hatusemi kwamba ni dhambi kuuza kitu chenye kasoro. Baiskeli kuukuu huuzwa, na mbuzi mwenye kilema huuzwa, na mnunuzi hufurahi kupata kwa bei ndogo. Tunasema kwamba kasoro ni sehemu ya kitu chenyewe, na ukikiuza, uiuze nayo. Usikate kipande cha ukweli ukakiweka mfukoni.

Yuko Mwingereza mmoja, Samuel Plimsoll, aliyekuwa mbunge katika karne ya 19. Wakati wake walikuwapo wenye meli waliopakia mizigo kupita kiasi, na meli nyingine zilikuwa mbovu lakini zimekatiwa bima kubwa. Zikizama, mabaharia walikufa na mwenye meli akalipwa. Plimsoll alipigania jambo dogo tu: ubavuni mwa kila meli pachorwe alama, na maji yakifika kwenye alama hiyo isipakiwe zaidi. Sheria ilipitishwa mwaka 1876. Lakini mwanzoni mwenye meli aliachiwa kuchagua mwenyewe mahali pa kuchora. Hata mwaka 1890 ndipo sheria ikaweka mahali pake. Alama hiyo ipo hata leo. Tunaitaja kwa sababu nayo ni rangi tu, kama ile yetu ya kijani. Ipo rangi ya kufunika, na ipo rangi ya kumwonyesha mtu asiye fundi mahali hatari inapoanzia. Sisi Watanzania hatuna haja ya kuhadithiwa maana yake. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya 101 waliopaswa kubebwa, na watu zaidi ya 200 wakafa. Abiria anapopanda hawezi kuona lililo chini yake. Huona uso wa aliyemwambia karibu.

Alfajiri tulikwenda kwa kijana yule. Tulimkuta ukingoni, na mwanawe mdogo amekwisha kuingia katika mashua. Tukamwambia yote: kifundo, ufa, gundi, rangi. Hakujibu neno. Alimwita mtoto atoke chomboni, akamshika mkono, akasimama akiutazama mto. Mababu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu; tungalipenda kutukanwa kuliko kimya kile.

Mashua ilirudishwa chini ya mwembe. Tulikopa katika chama cha akiba na mikopo, tukanunua ubao mzima, tukabadili. Tulipoung'oa ule wa zamani tuliugeuza. Ufa ambao juu ulikuwa shibiri moja, upande wa ndani ulikuwa umetembea karibu shibiri tatu, ukapita chini ya taruma mbili. Ule ubao bado tunao, umeegemezwa ukutani jikoni.

Siku ya kuichukua, kijana alikuja na nyundo ndogo. Aliigeuza mashua chini juu, akaigonga ubao kwa ubao, akapitisha kidole katika kila kiungo, muda wa saa nzima, nasi tumesimama kando kama mwanafunzi anayesahihishiwa daftari mbele ya darasa. Alipomaliza akasema, "Sasa ni nzima, Mwalimu. Asante." Bado anatuamkia kwa heshima kama zamani. Lakini mwezi uliopita alipotununulia kigoda tulichokitengeneza, alikigeuza kwanza akatazama miguu yake.

Huenda mtu akasema tumepoteza. Ni kweli, tumepoteza kitu ambacho ilituchukua miaka thelathini darasani kukijenga, na hatudhani tutakipata tena chote. Lakini kile tulichokuwa nacho zile siku kumi na moja hakikuwa imani yake halali; kilikuwa ni mkopo tuliouchukua bila kumwambia mwenyewe. Afadhali akague na awe salama, kuliko atuamini na mwanawe awe mtoni.

Limebaki jambo moja ambalo hatujalimaliza, nasi tunalikiri kwenu. Kama yule mama asingetaja watoto, je, tungekwenda? Hatuthubutu kusema ndiyo. Inawezekana tungengoja mpaka masika, na kila siku ya kungoja ingeifanya safari ile kuwa nzito zaidi. Ndiyo maana twaona ni heri deni la namna hii lilipwe mapema, lingali shibiri moja.

Si kila mmoja wetu ana mashua. Lakini yuko anayeuza kiwanja chenye ugomvi, yuko anayemwozesha kijana mwenye maradhi yanayojulikana nyumbani tu, yuko anayemwandikia mtu barua ya sifa akiacha lile moja ambalo tajiri wake mpya angetaka kulijua. Kwa hao wote, na kwetu sisi, tumejiwekea kipimo kidogo ambacho hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kukitumia. Mwenzako akiondoka, jichunguze moyoni. Ukijikuta unafurahi kwamba hakuuliza, basi bado una deni la kumwambia. Mfuate kabla hajafika mtoni.