Habari za Kuku ni za Nani?

Katika lugha yetu mtu akiulizwa habari hujibu kwanza kwamba ni njema. Hata mwenye mgonjwa nyumbani husema "nzuri", kisha hutua kidogo na kuongeza "ila". Mgeni asiyezoea huweza kudhani kwamba tunasema uongo. Sivyo. Ile "nzuri" ni heshima kwa aliyeuliza, na habari yenyewe huja baada ya "ila". Juma hili twataka kulitafakari neno hilo dogo, hasa siku ile ambayo mtu hulimeza asilitamke.

Huku migombani, tangu Kibosho mpaka Kilema na Marangu, salamu za akina mama ni ndefu. Huanza kwa watoto, zikapita kwa baba wa nyumba, zikaenda kwa ng'ombe aliye bandani, kwa mahindi, kwa ndizi zilizoangushwa na upepo, na mwisho hufika kwa kuku. Nani ametotolesha vifaranga wangapi, kipanga amechukua wangapi, mtetea gani ameacha mayai na kutoka nje. Siku hizi mambo hayo husafiri pia kwa simu, pamoja na picha ya jogoo. Wako wanaume wanaoyacheka na kuyaita porojo. Twawaomba wafikiri tena. Kuku ni mkoba wa mama. Sabuni, chumvi, daftari la mtoto, nauli ya kwenda hospitali usiku, mara nyingi vimetoka chini ya mtetea, wala baba hakuulizwa. Wanawake wawili wanapopeana habari za kuku wanapeana habari za hazina.

Sasa, hazina hiyo ina adui mmoja mkubwa kuliko kipanga, nao ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Wataalamu walianza kuutambua ugonjwa huu mwaka 1926, huko Java na huko Newcastle katika Uingereza, na kutokana na mji huo ukapata jina lake la kizungu. Kila mfugaji ajua sura yake: kuku huzubaa, hushusha mabawa, huhema kwa taabu, huhara kijani, na wengine hupinda shingo. Ukiingia katika banda lisilochanjwa waweza kuwamaliza karibu wote kwa siku chache. Husafiri kwa kinyesi na kwa ute, kwa tenga la mchuuzi, kwa viatu vya mgeni, kwa matumbo na manyoya yaliyotupwa ovyo. Tena, na hili ndilo lenye uzito kwa hoja yetu, kuku aliyekwisha kuupata huweza kukaa siku tano, sita, au zaidi, akila na kuwika kama kawaida, kabla ya dalili kuonekana.

Basi tumfikirie mama mmoja, ambaye hatumtaji jina kwa kuwa ni wengi. Ana kuku kumi na wawili. Jumatatu wamekufa watatu, na kwa jinsi walivyokufa anajua ni nini. Kesho ni siku ya gulio. Tisa waliobaki wanaonekana wazima. Alfajiri anafunga watano miguu, na njiani anakutana na jirani.

"Kuku hawajambo, mama?"

"Hawajambo."

Hakuna "ila". Anafika sokoni, anauza wote kwa bei ya kawaida, anarudi na fedha ya sare ya binti yake. Je, ametenda kosa? Kama ametenda, amemkosea nani?

Atajitetea, wala utetezi wake si wa kipumbavu. Atasema: sikumdanganya mnunuzi, maana hakuniuliza. Kuku alimshika mwenyewe, akampima kwa mkono, akampuliza manyoya. Mdondo hauui watu, naye alinunua kuku wa kuchinja. Kama ningenyamaza nyumbani wangekufa wote tisa, na hasara ya bure haimfaidii mtu yeyote.

Swali hili ni la zamani kuliko kuku wa Kilimanjaro. Cicero, mwanasheria wa Roma, alilitafakari mwaka 44 kabla ya Kristo. Alimfikiria mfanyabiashara atokaye Alexandria na shehena ya nafaka, akifika Rhodes wakati wa njaa, naye ajua kwamba nyuma yake zaja merikebu nyingine nyingi zimejaa. Je, awaambie wenyeji, bei ishuke, au anyamaze auze ghali? Wanafalsafa wawili, Diogenes na mwanafunzi wake Antipater, walishindana juu ya mambo ya namna hii. Diogenes aliona kwamba kunyamaza si kuficha, na kwamba muuzaji hana deni la kusema kila alijualo. Antipater alimpinga, kwa kuwa faida ya watu wote ni faida ya kila mmoja wao. Cicero alimwunga mkono mwanafunzi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alipima kwa mizani nyembamba zaidi: yule wa nafaka, akiuza kwa bei anayoikuta sokoni, havunji haki, ijapokuwa kusema kungekuwa wema mkubwa zaidi. Lakini mwenye kuuza kitu chenye kasoro iliyofichika, ambayo itamletea mnunuzi hasara au hatari, hana budi kuitaja. Farasi mwenye jicho moja hahitaji kutangazwa, kila mtu aliona. Maradhi ya ndani ni jambo jingine.

Kwa mizani hiyo, kuku wa mama yetu ni maradhi ya ndani. Mnunuzi alimpuliza manyoya, kweli, lakini mdondo wa siku ya pili hauonekani kwa kupuliza. Wala si kila anunuaye kuku humpeleka chunguni; mtetea mzuri hununuliwa kuwa mbegu, akaachiliwa kati ya wenzake jioni ile ile. Hata achinjwaye, matumbo yake hutupwa nyuma ya jiko, na kuku wa nyumba ndio wa kwanza kuyadonoa.

Lakini sisi twaona kwamba swali zito zaidi halimo sokoni. Limo njiani, katika lile "hawajambo". Jirani hakununua kitu. Wazee wa falsafa waligombana juu ya muuzaji na mnunuzi, na hapa pana mtu wa tatu, asiye na mapatano yoyote na mama huyu isipokuwa mpaka. Na mpaka wenyewe ni nini? Ni mstari wa masale. Kwa Wachaga sale ni jani la heshima. Latenga kihamba na kihamba, na mwenye kosa hulipeleka kuomba radhi. Kuku haliheshimu. Asubuhi yuko kwako, adhuhuri yuko kwa jirani, akiparua chini ya migomba ile ile. Mtu aweza kusema kuku ni wangu, banda ni langu, hasara ni yangu. Ugonjwa hawezi kusema ni wangu, maana hakuna ukuta wa kuuzuia.

Babu zetu walilielewa jambo hili katika maji. Mfereji ukibomoka juu, aliye juu hawezi kunyamaza kwa sababu tu shamba lake limekwisha kunywa. Habari ya bomoko ni ya wote wanaokinga maji chini yake, nao huitwa, wakaja na majembe. Hakuna aliyewahi kusema kwamba kutangaza bomoko ni kujiaibisha. Kwa nini basi kutangaza mdondo kuwe aibu? Serikali nayo, kwa Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003, yamtaka mfugaji atoe taarifa ya magonjwa kama haya. Lakini afisa mifugo ni mmoja na vihamba ni vingi, na jirani ndiye anayepita kila siku.

Hapa yatupasa kuwa waangalifu, tusiwe kama wale wanaomhukumu maskini wakiwa wameshiba. Anayetamka "ila" hulipa. Habari ikitoka, hakuna atakayenunua kuku wake hata mmoja. Sare itangoja. Wengine wataanza kunong'ona juu ya kijicho, na mwaka mzima baadaye mtu bado atasema, usinunue kwa fulani. Jirani zake, ambao kwa neno lake waliwafungia kuku wao ndani na kuwaokoa, watabaki na kuku wao na kumpa pole. Pole ni neno zuri, lakini halitotoi.

Twadiriki kusema kwamba wanaookolewa na ukweli wa mtu wana deni naye. Kama nina haki ya kujua, mwenye kuniambia ana haki ya kutobaki peke yake na hasara. Wala hatubuni desturi ngeni. Mchaga mwenye ng'ombe wengi alizoea kuwawekesha kwa wenzake. Mlezi akapata maziwa na samadi, na mwenye mali akatulia akijua mali yake haiko chini ya paa moja. Kwa kuku ni rahisi zaidi. Mdondo ukiisha kupita na banda likasafishwa na kukaa wiki kadhaa tupu, nyumba tatu zikimpelekea mtetea mmoja mmoja, baada ya miezi michache ana kuku tena. Mahali ambapo mama ajua kwamba mitetea hiyo itakuja, tenga la alfajiri halitamvuta sana. Mahali ambapo ajua haitakuja, sisi tunaomtaka aseme kweli tunamtaka awe shujaa peke yake, ili sisi tuwe salama.

Tena kuna chanjo. Ile iitwayo I-2, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Queensland katika Australia na kutengenezwa pia hapa Tanzania, hustahimili joto kuliko za zamani. Ni tone moja katika jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Haimponyi kuku aliyekwisha kuugua. Yataka iwahi, na hapo tena thamani ya habari ya mapema yaonekana. Na chupa moja ni ya kuku mia au zaidi, nayo ikiisha kufunguliwa haifai kuwekwa muda mrefu. Mwenye kuku kumi na wawili akiinunua peke yake, sehemu kubwa ataimwaga. Kwa hiyo anayeshuka Moshi mjini Jumamosi kuileta, na apite kwanza Ijumaa nyumba kwa nyumba, aulize kila mama ana kuku wangapi, na kama wote hawajambo, na angoje kidogo baada ya jibu.