Sinia la Kafyu

Ukimwuliza Msomali wa Garissa kama familia inafaa kula pamoja, atakushangaa. Kwani tunakulaje? Sinia moja chini, wali, nyama ya mbuzi juu, ndizi mbivu kando. Mnanawa, mnakaa. Hakuna sahani ya fulani. Unakula upande wako, na nyama nzuri ikiwa upande wa mwenzako unaiacha hukohuko. Mtoto anajifunza haki hapo kabla hajalijua neno lenyewe.

Hayo ningekuambia nikiwa na miaka 13, nikisahau jambo moja: hooyo hakuwepo kwenye sinia letu. Wanaume na wageni sebuleni. Mama na dada zangu jikoni, baadaye. Si kila nyumba, najua. Na kuna watakaosema wanawake wenyewe wanapenda hivyo, wanapiga stori bila mzee kusikiliza. Labda. Lakini kwetu hakuna aliyewahi kumwuliza.

Aprili 2, 2015, washambuliaji waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Serikali ikatangaza kafyu Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, kuanzia saa 12:30 jioni hadi saa 12:30 asubuhi. Mji wetu huanza kupumua jua likizama, joto likipungua. Sasa ulikuwa unafungwa saa hiyohiyo. Wageni wakakoma. Aabo, ambaye jioni zake zilikuwa za chai na siasa hotelini, akawa nyumbani kabla ya Magharibi, na akataka sote tukae chumba kimoja.

Hooyo akaweka sinia, akageuka kuondoka. Aabo akamwambia, "Kaa." Akakaa pembeni mwa mkeka kama mgeni.

Nilikuwa na miaka 14 na sikuwahi kumwona mama yangu akila. Alikula upesi, wali mtupu, huku vidole vyake vikisukuma nyama kuelekea kwetu bila hata kuangalia.

Siwezi kuishukuru kafyu. Kuna nyumba nyingi Kenya ambazo jioni hizo zilikuwa na mtu aliyepungua mkekani. Ila tangu hapo, watu wakilalamika kwamba simu zimeua chakula cha jioni, mimi huuliza: nani alikuwa jikoni? Kukaa pamoja kuna maana kwa sababu mnaonana. Anayejinyima anaonekana. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo imeshinda, nilikula chipsi peke yangu Eastleigh wiki nyingi, na hakuna aliyejua zilikuwa mlo wangu wa pekee kwa siku.

Niliporudi nyumbani, kafyu ilishakwisha zamani na hooyo alisharudi jikoni. Jioni moja nikachukua chakula changu nikamfuata. Dada zangu walikuwa wanacheka. Waliponiona wakanyamaza, stori ikakatika.

Hooyo akaniuliza kama chumvi imepungua.