Ghushi iliyojificha nyuma ya kioo cha gari

 

Ndugu Waislamu, tukitajiwa ghushi katika biashara, akili zetu hukimbilia mizani ya muuza mchele na maziwa yaliyotiwa maji. Mimi sijasikia khutba hata moja iliyomtaja fundi anayebadilisha kioo cha mbele cha gari. Ajabu ni kwamba kazi yake inashabihiana mno na kile kisa alichokipokea Abu Hurayra (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa imenyeshewa mvua. Mtume akamhoji kwa nini asiiweke ile mbichi juu watu waione, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi.

Nafaka kavu juu, mbichi chini. Kioo nacho hung'aa machoni, lakini kazi yenyewe imo chini ya ule ufito mweusi wa pembeni, kwenye gundi, ambako mteja haoni.

Wengi wetu tunadhani kioo kile ni cha kuzuia upepo na vumbi tu. La hasha! Katika magari mengi ya siku hizi kimebandikwa kwenye bodi kwa gundi maalumu, na ni sehemu ya uimara wa gari. Gari likipinduka, kinasaidia paa lisibonyee. Mfuko wa hewa wa abiria wa mbele nao, katika magari mengi, hufumuka kwenda juu na kuegemea kioo hicho ndipo umkinge mtu. Kioo kikichomoka, utaegemea nini? Chenyewe ni tabaka mbili zilizobanwa na utando wa plastiki katikati, ili kikipasuka vipande visitawanyike na abiria asirushwe nje. Lakini utando huo utamsaidia nani ikiwa kioo kizima kimeng'oka?

Hivi karibuni nilikuwa gereji moja hapa Dar es Salaam. Fundi alikwangua gundi ya zamani juu juu, akaacha kutu kwenye ukingo wa bati, akapitisha silikoni, ile ya kuzibia masinki, akabandika kioo. Mwenye gari, mtu mzima mwenye kofia yake safi, alikuwa akihimiza: "Fanya haraka, nina safari ya Morogoro na watoto." Akajibiwa, "Usijali mzee, imeshashika." Haikupita nusu saa, gari likaondoka.

Gundi iliyopakwa juu ya kutu haikushika bati, imeshika kutu. Kutu ikibanduka, na kioo kinaondoka nayo. Silikoni huzuia maji yasipenye, basi. Haina nguvu ya kukishikilia kioo gari linapogonga.

Imepokewa kwamba Sayyidna Ali (r.a.) aliwafanya mafundi wadhamini mali za watu walizokabidhiwa, kwa kuona kuwa bila hivyo mambo ya watu hayatatengemaa. Ikiwa nguo iliyopelekwa kwa mshonaji ina dhamana, roho za watoto zina dhamana kiasi gani?

Hata hivyo tusimtupie fundi lawama zote. Yule mzee alibana bei, kisha akabana na muda. Tunajua kupunguziwa, hatuulizi kilichopunguzwa. Wengine watasema ajali ni qadari. Ni kweli, lakini mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kamba aliambiwa na Mtume (s.a.w.) amfunge kwanza, ndipo ategemee.

Basi ukipeleka gari, simama uangalie. Kutu isafishwe na ukingo upakwe dawa yake kabla ya gundi. Omba uione chupa ya gundi, usome kama ni ya vioo vya magari na kama muda wake haujapita. Humo huandikwa pia gari lingoje muda gani kabla ya kuingia barabarani. Nyingine saa moja, nyingine hata siku nzima. Wakati huo acha dirisha moja wazi kidogo, na waambie watoto wasibamize milango, maana hewa inayobanwa ndani hukisukuma kioo kabla gundi haijakauka. Na kama safari ni leo, panda basi.